Kumdhamini mume au mke aje Kanada: anza na daftari la tarehe

Anayetaka kumleta mwenza wake Kanada kwa kawaida huanza kwa kuuliza fomu: ni zipi, zinajazwaje, nani anatia sahihi. Fomu zitakuja. Kabla yake tafuta daftari, kisha jioni moja mkae wawili, hata kama ni kwa simu, muandike tarehe. Mlijuana lini, mkaonana ana kwa ana lini, posa ilipelekwa siku gani na akina nani, mahari yalitolewa lini, ndoa ilifungwa wapi, kila safari ya kwenda na kurudi, kila nyumba na kila kazi mliyokuwa nayo kwa miaka 10 iliyopita. Ofisa wa IRCC, yaani idara ya uhamiaji ya Kanada, hawajui ninyi wala kwenu, na huenda msionane naye kamwe. Alichonacho ni karatasi. Moja ikisema Machi na nyingine Mei, hafikirii kwamba mmesahau. Anafikiria kwamba kuna anayedanganya.

Nilipomdhamini mke wangu nilifanya kinyume: nilijaza kwanza, tarehe nikazitafuta baadaye. Niliandika kwamba posa ilikuwa Desemba. Yeye, upande wake, akaandika Januari. Kwetu posa ni siku wazee walipokwenda kubisha hodi. Kwao ni siku walipopewa jibu. Sote tulikuwa tunasema kweli, na tuligundua usiku wa kuamkia kutuma.

Nani anaweza kudhamini

Mdhamini awe na miaka 18 au zaidi, na awe raia wa Kanada au mwenye ukaazi wa kudumu. Mwenye ukaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada wakati anaomba. Raia anaweza kuomba akiwa Muscat au Dubai, ila aonyeshe kwamba atarudi kuishi Kanada mwenza wake akishapata ukaazi: barua ya kazi, mkataba wa nyumba, mipango ya shule ya watoto.

Hutaruhusiwa kama unaishi kwa msaada wa ustawi wa jamii (msaada wa ulemavu hauhesabiwi), kama umefilisika na mahakama haijakuachilia, au kama unadaiwa matunzo ya watoto uliyoamriwa kuyalipa. Kuna kizuizi kingine ambacho wengi hukigundua wakati wameshachelewa. Ikiwa wewe mwenyewe uliletwa Kanada kwa udhamini wa ndoa, huwezi kumdhamini mwenza mwingine mpaka itimie miaka 5 tangu upate ukaazi wako wa kudumu, hata kama katikati yake umepata uraia. Na kama uliwahi kumdhamini mwenza mwingine, ahadi ya miaka 3 uliyoiwekea sahihi kwa ajili yake iwe imekwisha.

Ahadi hiyo ya miaka 3 isomwe polepole. Unaiahidi serikali kwamba utamtunza mwenza wako kwa chakula, mavazi, malazi na mahitaji ya msingi kuanzia siku anapopata ukaazi. Mkiachana baada ya miezi sita, ahadi ipo. Akienda kuomba msaada wa serikali ndani ya muda huo, deni ni lako. Ndugu wanaosukuma mambo kwa kusema "mlete tu, mengine yatajulikana" hawatakuwepo siku barua ya deni itakapofika.

Kuhusu kipato, hakuna kiwango cha chini kwa anayemdhamini mume au mke, isipokuwa pale ambapo mtoto mnayemleta naye ana mtoto wake. Hata hivyo ofisa anataka kuona kwamba mtakula. Weka taarifa ya kodi ya mwaka wa karibuni kutoka mamlaka ya mapato ya Kanada na barua ya mwajiri.

Anayeishi Quebec ana hatua ya ziada, kwa kuwa mkoa huo hupokea ahadi yake wenyewe na umekuwa ukiweka ukomo wa maombi unayoyapokea. Thibitisha kwanza kama mlango uko wazi.

Ndoa yenu inakubalika?

Hapa ndipo mila zetu zinapogongana na kanuni zao.

La kwanza ni ndoa ya simu au ya wakala. Tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haiitambui kwa ajili ya uhamiaji ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo kwa mwili wake: si kwa simu, si kwa intaneti, si kwa mtu kumwakilisha bwana harusi. Waliosamehewa ni wanajeshi wa Kanada ambao kazi iliwazuia kusafiri, basi. Kijana wa Toronto aliyeozeshwa mke wa Mombasa huku yeye yuko zamu kiwandani anaweza kuwa na ndoa halali mbele ya shehe na mbele ya mama mkwe, lakini mbele ya IRCC hana ndoa. Dawa yake si kuificha. Asafiri, wafunge ndoa upya wakiwa pamoja, waiandikishe, kisha waombe kwa cheti hicho kipya, na ile ndoa ya kwanza waieleze waziwazi kwenye historia yao.

Jambo hili lina ukingo ambao watu wa Pwani wauangalie. Kwetu akidi husomwa msikitini mbele ya wanaume, bibi harusi yuko nyumbani kwao anapambwa, na walii ndiye anayeozesha. Picha za siku ile zinamwonyesha bwana harusi na kanzu na joho akiwa na mashahidi, bibi harusi hayumo. Ofisa asiyejua mila anaweza kuuliza alikuwa wapi. Kama bado hamjafunga ndoa, pangeni akidi isomwe mahali ambapo bibi harusi yupo, asikike akiridhia na atie sahihi daftarini siku hiyohiyo. Kama mmeshafunga, andikeni nusu ukurasa mkieleza utaratibu ulivyo, mkiambatanisha picha za wote wawili siku ile, muhuri wa kuingia nchini kwenye pasipoti ya aliyetoka Kanada, na maelezo ya walii.

La pili ni wake wengi. Kanada haiitambui ndoa hiyo, na aliyeolewa au kuoa wakati mmoja wao bado ana ndoa nyingine hawezi kudhaminiwa kwa ndoa hiyo. Mwenye wake wawili hawezi kumleta wa pili. Sasa, Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 huichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na sheria ya Kenya ya 2014 huzichukulia vivyo ndoa za Kiislamu na za kimila. Msitishike; mke akiwa mmoja, jambo hilo peke yake haliangushi maombi, ingawa mnaweza kutakiwa kuapa kwamba mtaishi mume mmoja na mke mmoja.

La tatu ni talaka, na linarudi kwenye daftari. Tarehe ya talaka ya ndoa iliyopita lazima itangulie tarehe ya ndoa hii. Kipande cha karatasi alichoandika mume wa zamani na kusainiwa na shehe wa mtaa hakitoshi. Tanzania Bara inayovunja ndoa ni mahakama, na Waislamu wa Kenya huenda kwa kadhi. Nimeona watu waliopata hukumu ya talaka miezi miwili baada ya harusi mpya. Mwenye hesabu kama hiyo asitume kitu kabla ya kumwona mwanasheria, maana huenda njia ni kufunga ndoa tena.

Cheti mtakachotuma kiwe cha serikali. Cheti cha nikaha au cha kanisa kina thamani kama ushahidi, lakini hakikisheni ndoa imesajiliwa: RITA, wakala wa usajili, kwa Tanzania Bara, na Msajili wa Ndoa kwa Kenya.

Wasio na ndoa wanaweza kuomba kama wenza walioishi pamoja miezi 12 mfululizo, wakithibitisha kuishi huko. Kwa wapendanao wanaotembeleana wiki tatu kwa mwaka, njia hii haipo.

Watoto: waandike wote

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Kila mtoto wa mdhaminiwa aandikwe, hata asiyesafiri, hata anayelelewa na bibi yake Handeni, hata ambaye mume mpya hajui habari zake. Mtoto anayehesabiwa kuwa tegemezi ni wa chini ya miaka 22 asiye na ndoa, naye hutakiwa kupimwa afya hata kama hasafiri. Kanuni inasema mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakukaguliwa wakati wa maombi hataweza kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Mama akificha mtoto wake wa kwanza ili kulinda ndoa, anaweza kumfungia mtoto huyo mlango kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe akashtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo. Adhabu ya uongo ni kuzuiwa kuingia Kanada miaka 5. Basi mazungumzo hayo magumu yafanyike sebuleni kwenu kabla ya fomu. Mzazi mwingine wa mtoto asiye na miaka 18 anayesafiri atatakiwa kutoa ridhaa kwa fomu IMM 5604.

Kinyume chake nacho ni tatizo. Mtoto wa dada yako uliyemlea tangu ananyonya unamwita mwanangu, lakini kwenye fomu mtoto ni uliyemzaa au uliyemuasili kisheria. Vilevile kwa ndugu. Fomu IMM 5406 inataka baba, mama, watoto na ndugu, pamoja na wa baba mmoja mama mbalimbali, na waliofariki. Binamu yako unayemwita kaka hamo. Ila kwenye usaili mkeo akisema "kaka yangu mkubwa ndiye aliyesimamia harusi", na kwenye fomu yake hana kaka, mtajikuta mnafafanua ukoo mzima. Kubalianeni mapema kumwita mtoto wa mjomba mtoto wa mjomba.

Aombe akiwa wapi

Mwenza aliye nje huombewa kwenye kundi la familia. Aliye tayari Kanada na anaishi na mdhamini anaweza kuombewa kwenye kundi la walioko ndani, ingawa naye anaruhusiwa kuchagua lile la kwanza. Tofauti inayouma ni hii: maombi ya kundi la familia yakikataliwa, mdhamini ana haki ya kukata rufaa mbele ya baraza la rufaa za uhamiaji ndani ya siku 30. Wa ndani hana rufaa hiyo. Kilichobaki ni kuomba Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi. Na wa ndani akisafiri kwenda kumzika mzazi kisha akazuiwa kurudi, maombi yake yanaweza kuporomoka. Kwa maoni yangu, mwenye wazazi wazee nyumbani afikirie mara mbili kabla ya kuchagua njia ya ndani.

Fomu na majina

Maombi yote hutumwa kwa intaneti kupitia akaunti moja. Mdhaminiwa hujaza humo IMM 0008 ya maombi, IMM 5669 ya historia yake na IMM 5406 ya familia. IMM 1344, ambayo ndiyo mkataba wa udhamini, na IMM 5532 ya historia ya uhusiano hupakuliwa, zikajazwa, zikatiwa sahihi na kupandishwa. Orodha ya viambatisho ni IMM 5533. Ichapisheni muitumie kama mwenye duka anavyotumia daftari la mzigo, kila kilichoingia kinatiwa alama.

Iliyowatesa wengi ni IMM 5669. Inataka miaka 10 iliyopita bila pengo, mwezi kwa mwezi. Watu wetu huacha wazi miezi ambayo hawakuwa na ajira, wakidhani hakuna cha kuandika. Kipo. Andika "nilikuwa nyumbani nikimuuguza mama", "nililima shamba la familia", "nilitafuta kazi". Anwani nazo hivyohivyo: mtaa, wilaya, mkoa, hata kama nyumba haina namba.

Halafu majina. Pasipoti inasema Asha Salim Juma, cheti cha kuzaliwa kinasema Aisha Salum, cheti cha ndoa kimeandikwa kwa mkono wa haraka Asha S. Juma. Kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeuliza. Kwenye fomu, fuata pasipoti herufi kwa herufi, kisha yale majina mengine yaandike yote kwenye nafasi ya majina mengine uliyotumia, na uambatanishe kiapo cha mwanasheria kwamba yote ni ya mtu mmoja. Kama kuna muda wa kurekebisha cheti, kirekebishwe. Usijaribu kusawazisha kwa kalamu.

Ushahidi wa uhusiano

Kanuni ina makali mawili: uhusiano uwe wa kweli, na usiwe umeingiwa hasa kwa ajili ya uhamiaji. Ukianguka kwenye moja tu, maombi yameanguka. Kwa hiyo kumwaga kurasa 300 za "umekula?" na "usiku mwema" hakusaidii. Orodha yenyewe inaweka mipaka: picha zisizozidi 20 na kurasa 10 za mawasiliano. Chagueni kwa tarehe: ukurasa mmoja wa mwanzo mlipojuana, wa wiki ya posa, wa siku mtu alipougua, wa mwezi uliopita. Mazungumzo ya Kiswahili yatafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mtafsiri anayetambulika, na ndugu haruhusiwi kutafsiri hata kama ni mwalimu wa Kiingereza. Ndiyo maana kurasa 10 zilizochaguliwa vizuri ni nafuu hata kwa mfuko.

Picha chini yake iandikwe nani, wapi, lini. Picha ya wazee wamekaa mkekani siku ya posa ina uzito kuliko selfi 10 za hotelini. Weka risiti za kutuma fedha, taarifa ya M-Pesa upande wa pili, tiketi, mihuri ya pasipoti, barua za wazazi wa pande zote mbili na za shahidi wa ndoa. Kama mahari yaliandikwa, weka karatasi yake.

Kisha yaelezeni yenye kutia shaka kabla hamjaulizwa. Mke ana miaka 12 zaidi ya mume. Mlioana siku ya tisa baada ya kuonana. Harusi ilikuwa ya watu wanane kwa sababu kulikuwa na msiba. Mfunge jambo kwa aya moja yenye sababu na ushahidi. Ukimya ndio unaomfanya ofisa ajijibu mwenyewe.

Ada, polisi, afya

Kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024, ada ya udhamini ilikuwa dola 85 za Kanada, ya kushughulikia maombi 545, na ya haki ya ukaazi 575, jumla 1,205. Alama za vidole zilikuwa 85 nyingine, na kila mtoto tegemezi 175. Ada hizi hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, basi angalia siku unayolipa. Ile ya 575 inaweza kusubiri, lakini kuilipa mapema kunaondoa kituo kimoja njiani, na maombi yakikataliwa hurudishwa.

Cheti cha polisi kinatakiwa kutoka kila nchi ambayo mdhaminiwa ameishi miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, bila kuhesabu muda wa kabla hajafika miaka 18. Cha nchi anayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuomba. Aliyefanya kazi za ndani Oman au Saudi Arabia atafute cha huko pia, na aanze mapema sana, maana kukipata ukiwa Tanga au Kisumu ni safari yenyewe.

Barua ya alama za vidole ikija ina siku 30. Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada tu, mkishaagizwa, na matokeo hudumu miezi 12. Mwenye kisukari au VVU asiogope kwa sababu ya gharama za matibabu: wenza na watoto wao hawakataliwi kwa kigezo hicho.

Mnayemlipa awasaidie awe wakili wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha washauri wa uhamiaji cha huko. Majina yao yako wazi kwenye daftari la umma. Anayesema "nina mtu ubalozini" anataka fedha zenu tu.

Kusubiri na usaili

Yakitokea mabadiliko wakati mnasubiri, wajulisheni: mimba na mtoto aliyezaliwa, pasipoti mpya, kuhama, kupoteza kazi. Mwenza anaweza kuomba viza ya kutembelea wakati huo. Nia mbili, yaani kutaka kutembelea sasa na kuhamia baadaye, haikatazwi, ila lazima ofisa aamini kwamba akitakiwa kuondoka ataondoka.

Si wote wanaoitwa kwenye usaili. Ukiitwa, usikariri. Maswali ni ya maisha: mumeo anafanya zamu gani, nani alikula mahari, mlilala wapi usiku wa harusi, mama mkwe anaitwa nani hasa, si mama Fulani. Wengi wetu humwita mkwe "mama" miaka yote bila kujua jina lake. Lijue. Na usipojua jambo, sema hujui.

Ninyi wanawake, na wanaume pia, mnaodhaminiwa: tangu 2017 hakuna tena sharti la kuishi miaka 2 na mdhamini ili ukaazi usifutwe. Anayekutishia kwamba atakurudisha ukimwacha kwa sababu ya kipigo hana uwezo huo, mradi ndoa na maombi yenu yalikuwa ya kweli.

Siku ya kutua

Hati ya kuthibitisha ukaazi ina tarehe ya mwisho, mara nyingi inafuata vipimo vya afya au pasipoti, haiongezwi. Kwenye uwanja wa ndege mdhaminiwa ajaze BSF186, orodha ya mali zake. Dhahabu za harusi, bangili, mikufu na vipini, viorodheshwe kwa maelezo na picha, pamoja na vitakavyofuata kwa meli. Fedha taslimu zinazofika dola 10,000 zitajwe.

Baada ya hapo ni namba ya bima ya jamii na kadi ya afya ya mkoa. Mtanzania asihofu kuhusu pasipoti yake: ukaazi wa kudumu haugusi uraia, ni kuchukua uraia wa Kanada ndiko kunakogusa, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha. Mkenya anaruhusiwa tangu katiba ya 2010.

Na daftari lisitupwe. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya kutua, kisha kila siku ya kutoka na ya kurudi. Ukaazi unadai siku 730 ndani ya kila miaka 5, na anayetaka uraia atahesabiwa siku 1,095.